Nifundishe Kiswahili ilhali Kijerumani changu chenyewe hakijasimama?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili kutoka Morogoro na sasa nina miezi saba hapa Leipzig, Ujerumani. Masomo yangu yote ni kwa Kiingereza, wenzangu darasani wanazungumza Kiingereza, na nikiingia dukani nikajaribu Kijerumani, muuzaji ananigeuzia Kiingereza. Nilifika na cheti cha A2, yaani ngazi ya wanaoanza, na nadhani nimerudi nyuma. Wiki iliyopita nimeombwa nifundishe Kiswahili cha mazungumzo, mara mbili kwa wiki, kwa kikundi cha wanafunzi Wajerumani. Sijawahi kufundisha. Ngeli nazitumia lakini siwezi kuzieleza, na naogopa kwamba muda mdogo nilio nao wa Kijerumani utaliwa wote. Nikubali? Na je, wale wanaosalimia "Jambo!" niwasahihishe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoona kwamba jambo zito kuliko yote umelipitisha haraka katikati: ngeli unazitumia lakini huwezi kuzieleza. Hapo ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Kubali kazi hiyo, kwa masharti nitakayoyataja. Sisemi hivi kwa uzalendo wa lugha wala kwa sababu ya hela (neno ambalo, kwa bahati, tuliachiwa na Wajerumani haohao pamoja na sarafu yao ya Heller, kama walivyotuachia "shule"). Nasema hivi kwa sababu mtu anayeifundisha lugha yake kwa wageni hulazimika, pengine kwa mara ya kwanza maishani, kuitazama lugha akiwa nje yake, na jicho hilo la nje ndilo unalolikosa unapohangaika na Kijerumani. Wewe unaziona kama kazi mbili zinazogombea saa zilezile. Mimi nimezifanya zote mbili kwa miaka mingi na sijawahi kuona mojawapo ikiipunja nyingine, isipokuwa pale nilipozipanga vibaya.

Kwanza tuitazame hiyo miezi saba. Usijilaumu kwa uvivu. Mji huohuo unaoishi ulikuwa na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1956 na kupewa jina la Herder mwaka 1961, ambako wanafunzi kutoka Afrika, Asia na kwingineko waliokuja kusoma Ujerumani Mashariki walifundishwa Kijerumani kwanza, kabla hawajaruhusiwa kugusa udaktari au uhandisi. Hawakuwa na pa kukimbilia, kwa kuwa mhadhara ulikuwa kwa Kijerumani, mtihani kwa Kijerumani, na mpishi wa bwenini hakujua neno la Kiingereza. Wewe umeingia kwa mlango mwingine, ule wa shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza, na mlango huo una neema yake, lakini umekiacha Kijerumani kikiwa lugha ya mabango na matangazo ya tramu. Unakisikia mchana kutwa na hukitamki. Mwaka 1985 mtafiti Merrill Swain wa Kanada aliandika kuhusu watoto wa huko waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Walikielewa vizuri kabisa, karibu sawa na wazawa, lakini walipofungua kinywa sarufi iliwayumba, na hoja yake ilikuwa kwamba kusikia peke yake hakutoshi, kwamba ni pale mtu anapolazimika kutoa sentensi yake mwenyewe ndipo anapogundua asichokijua. Kisha zipo hesabu za kawaida tu: Goethe-Institut, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha hiyo, hukadiria kwamba kufikia B1, ngazi ya kati, huhitaji kati ya vipindi 350 na 650 vya dakika 45. Kaa chini leo uhesabu ni vipindi vingapi umevipata tangu ushuke kwenye ndege, na nadhani hutakuwa na haja ya kutafuta maelezo mengine.

Sasa tuje kwenye ngeli. Nakuhakikishia kwamba kabla mwezi wa kwanza haujaisha, mwanafunzi mmoja, kwa kawaida yule anayeandika kila kitu, atainua mkono na kuuliza: "Mwalimu, umetwambia kwamba mtu na mnyama huchukua a- na wa-, na tunasema paka wangu. Kwa nini basi ni rafiki yangu na si rafiki wangu?" Mimi nilipoulizwa hivyo mara ya kwanza nilibaki nimeshika chaki. Nilikuwa nimesema "rafiki yangu" maisha yangu yote bila kuona kwamba pana kitu cha kuuliza. Nikawaambia nitajibu wiki ijayo, nikaenda nyumbani nikaandika sentensi moja kwenye karatasi: "Rafiki yangu mzuri amefika." Itazame polepole. Neno "yangu" limefuata umbo la nomino, kwa maana "rafiki" ina umbo la maneno kama "nyumba" na "kalamu". Lakini "mzuri" na "amefika" yameachana na umbo yakafuata uhai, yakamhesabu rafiki kuwa mtu kama watu wengine. Ndani ya sentensi ya maneno manne sarufi imevutana na maumbile, na kila mmoja ameondoka na fungu lake. Hali hiyo huyapata hasa maneno ya udugu na ukaribu, kama mama yangu, kaka yangu, ndugu yangu na jirani yangu, wakati paka na ng'ombe wao hubaki "wangu".

Juma hilohilo nilikuwa nikilalamika kwa mwenye nyumba wangu juu ya das Mädchen, neno lao la "msichana", lenye das mbele yake, alama ya kundi lisilo la kiume wala la kike. Inakuwaje msichana, kiumbe wa kike aliyesimama mbele ya macho ya watu, awekwe katika kundi la vitu visivyo vya kiume wala vya kike? Nilikuwa nimeliona jambo hilo kama uchizi wa Wajerumani. Karatasi ya "rafiki yangu" ndiyo iliyonifumbua macho. Neno Mädchen linabeba das kwa sababu ya mwisho wake, -chen, ambao huliingiza katika kundi hilo kila neno unaloligusa. Hilo ni umbo. Lakini msikilize Mjerumani akiendelea na habari ya msichana huyohuyo: mara nyingi sentensi inayofuata atamtaja kwa sie, kiwakilishi cha kike. Umbo limechukua das yake, uhai umechukua kiwakilishi, ni ugomvi uleule wa "rafiki yangu amefika". Tangu siku hiyo der ya kiume, die ya kike na das hazikunitisha tena, kwa maana nilitambua kwamba zile ni ngeli tatu tu, nami nimekulia katika lugha yenye ngeli zaidi ya hizo mara kadhaa.

Tofauti iko pahali pengine, na ni tofauti itakayokuumiza usipoiangalia. Kiswahili huibandika ngeli kwenye paji la uso wa neno na kuirudia katika kila neno linalofuata: kitabu changu kizuri kimepotea. Mwanafunzi wako akisema "kitabu yangu mzuri imepotea", kosa linasikika mara tatu, na hata mtoto wa Morogoro atamcheka. Kijerumani huificha ngeli ndani ya kisilabi kimoja kifupi mwanzoni, na mgeni mwenye haya hujifunza upesi kukimung'unya kisilabi hicho kisisikike. Ninao watu ninaowajua walioishi huko miaka kumi na tano na bado wanasema de kwa zote tatu, wanaeleweka, na hakuna anayewasahihisha. Utakapomwambia mwanafunzi wako kwamba asijifunze "mti" bila "miti" wala "ufunguo" bila "funguo", jiulize papo hapo kama wewe katika daftari lako umeandika Tisch (meza) peke yake au der Tisch, die Tische. Mimi niliona aibu, nikalichoma daftari la zamani na kuanza jipya. Ukifanya hivyo utaanza pia kuona dalili ambazo hukuzitilia maanani: maneno yanayoishia na -ung, -heit na -keit karibu yote ni ya die, na hayo peke yake yatakuondolea mamia ya mashaka.

Mfano mwingine nitakaokupa ni wa saa, kwa kuwa huo ulinigharimu. Mhadhiri mmoja aliniambia tuonane halb drei. Mimi nikapiga hesabu kichwani: halb ni nusu, drei ni tatu, saa tatu ya Kizungu mchana ni saa tisa yetu, basi ni saa tisa na nusu. Nikafika saa tisa na dakika ishirini, najisifu kwa kuwahi, nikakuta mlango umefungwa na mwenyewe ameshaondoka. Halb drei ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa nane na nusu. Na huko katika jimbo la Sachsen uliko wewe mambo yanaendelea zaidi, kwa kuwa wenyeji husema viertel drei wakimaanisha saa nane na robo, na dreiviertel drei wakimaanisha saa tisa kasorobo. Ifikirie ile saa ya tatu kama kikombe kinachojazwa: kimejaa robo, kimejaa nusu, kimejaa robo tatu, kisha ni tatu kamili. Ukiipata picha hiyo hutakosea tena. Miezi michache baadaye nilipokuwa nafundisha saa za Kiswahili, binti mmoja aliuliza kwa nini tunasema saa moja wakati saa yake ya mkononi inaonyesha saba. Nikajibu kwamba tunahesabu tangu kupambazuka, na kwamba kwetu karibu na ikweta jua halina tabia ya kuchelewa. Akacheka, akatazama dirishani. Ilikuwa Desemba, na jua la huko Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, ilhali Juni linawahi karibu na saa kumi na moja alfajiri. Darasa zima lilielewa kwa nini hesabu yetu isingefaa kwao hata siku moja, na mimi nikaelewa kwamba nilikuwa na maarifa ambayo sikujua kuwa ninayo.

Kuhusu namna ya kuendesha somo, jambo moja nalisisitiza kuliko mengine: usifundishe kwa Kiingereza. Kitakujia kwa urahisi, wanafunzi watakipenda, na baada ya wiki tatu mtakuwa na darasa la Kiingereza linalozungumzia Kiswahili. Wekea mezani kikombe, kitabu, kalamu na ufunguo. Inua kikombe: "Hiki ni kikombe. Hiki ni kikombe changu." Inua viwili: "Hivi ni vikombe. Hivi ni vikombe vyangu." Mpe mmoja kikombe umuulize ni cha nani. Fanya hivyo dakika kumi bila kueleza chochote na utawaona nyuso zikibadilika wanapoigundua kanuni wenyewe. Palipo na haja ya maelezo mafupi, yatoe kwa Kijerumani, hata kama kimevunjika, wakusaidie wao kukimalizia. Hapo wanapata maelezo nawe unapata neno, na hakuna aliyempotezea mwenzake muda. Watakuomba lile jedwali la ngeli lenye namba, na usishangae, kwa kuwa utaratibu huo wa namba ulijengwa na Wajerumani wenyewe, wanaisimu Wilhelm Bleek na baadaye Carl Meinhof. Wape, lakini si siku ya kwanza, na wala usiliandae wewe, maana limo katika kila kitabu cha kiada.

Maandalizi yatakula muda, sikufichi. Mwezi wa kwanza kipindi cha dakika tisini kitakutaka saa tatu za kujiandaa. Mwezi wa tatu kitakutaka moja. Ikiwa miezi hiyo ya mwanzo inaangukia kwenye mitihani yako, omba kuanza muhula ujao, hakuna atakayekuona mbaya.

Lakini usije ukaligeuza darasa kuwa chuo chako cha Kijerumani. Wale wamekuja kupata Kiswahili. Kijerumani chako kitafute kwao baada ya kipindi, kwa utaratibu ambao wenyewe wanauita tandem: wewe na mmoja wao, nusu saa Kiswahili, nusu saa Kijerumani, na Kiingereza hakiingii hata kama mmekwama. Chagua anayeongea sana na asiye na haraka ya kukuonyesha Kiingereza chake. Mkubaliane kwamba hamkatizani. Kila mmoja aandike makosa matatu tu ya mwenzake na kumpa mwishoni. Zaidi ya matatu hayakai kichwani, na mtu akikatizwa kila sentensi ya pili hufunga mdomo. Huko ndiko utakakojizoeza kungojea kitenzi, ambalo kwetu ni zoezi la subira hasa: Mswahili hufungua sentensi na kitenzi chenye kila kitu ndani yake, nani, lini, kwa nani, ilhali Mjerumani akishasema weil ("kwa sababu") anakuzungusha kwenye sababu zote na kitenzi anakutupia mlangoni ukitoka.

Na yule muuzaji wa mikate? Hakudharau. Anakuhurumia, au ana foleni. Akikugeuzia Kiingereza, wewe endelea na Kijerumani kana kwamba hukusikia. Mara nyingi atarudi. Asiporudi, sema kwa upole kwamba unajifunza. Nenda saa ambayo duka ni tupu. Na akikuitikia nu usidhani amekataa, kwa watu wa Sachsen hiyo ni "ndiyo".

Sasa masharti niliyoyataja. Usifundishe bure, na usianze bila karatasi. Uliza kama unaajiriwa na chuo chenyewe kwa mkataba wa mwanafunzi msaidizi, kwa kuwa sheria ya ukaazi inamruhusu mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka, na kazi za usaidizi wa kitaaluma ndani ya chuo hazihesabiwi katika siku hizo. Wakikuambia kwamba utakuwa mtu wa kujitegemea unayewaletea hati ya malipo, simama hapo, maana hiyo ni kazi ya kujiajiri na inahitaji kibali cha ofisi ya wageni kabla hujaanza, si baada.

Sharti la pili ni kujua unaitwa kufanya nini. Watu wa pwani wamefundisha Kiswahili Ujerumani tangu karne ya kumi na tisa, katika chuo cha lugha za Mashariki kilichoanzishwa Berlin mwaka 1887. Mmoja wao, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa upande wa Bagamoyo, alifika huko mwaka 1900 na kufundisha hadi 1905, akafundisha baadaye Hamburg, na akafia Berlin mwaka 1927. Alikuwa msomi na mwandishi, lakini cheo alichopewa kilikuwa cha msaidizi chini ya Mjerumani ambaye Kiswahili alijifunza ukubwani. Zama hizo zimepita, ila kivuli chake bado kinaonekana pale mzawa wa lugha anapoalikwa kutamka maneno ili wengine wayarudie. Muulize mratibu, kwa adabu na bila kuzunguka: nitapanga somo mimi, au nitakuwa sauti tu? Kama ni sauti tu, fanya muhula mmoja kwa ajili ya fedha, kisha ujiondoe. Faida niliyokueleza yote inatoka katika kupanga na kueleza, haitoki katika kutamka.

Limebaki la "Jambo!". Usiwasahihishe siku ya kwanza. Mtu akikuambia "Jambo!" mwitikie "Sijambo, na wewe hujambo?" ukaendelea na shughuli zako. Watakaokuwa na masikio watajirekebisha wenyewe kabla ya wiki mbili, na waliobaki watakuuliza, nawe utapata fursa ya kuwaonyesha kwamba "hujambo" ni kikanushi, na kwamba anayekuuliza anatumai huna jambo. Shikamoo ifundishe mapema, kwa sababu wamezoea heshima ikae kwenye kiwakilishi, du kwa huyu na Sie kwa yule, na huwashangaza kuona kwamba sisi "wewe" ni ya wote na heshima tunaiweka kwenye maamkizi na katika kuitana mama, kaka, shangazi. Jiandae lakini. Patakuwa na mwanafunzi mtu mzima, pengine mstaafu aliyewahi kutembea Zanzibar, atakayeingia na kukuinamia: "Shikamoo, Mwalimu!" Usiitikie marahaba, na usicheke. Mwamkie wewe kwanza, mngojee aitikie, kisha mrudishe mlangoni aingie upya.